Karatasi Niliyoipandisha Mlimani

Sikumpenda Mtumishi tangu siku ya kwanza, na ninalisema hili mapema ili msomaji asikae akisubiri nimpende mwishoni. Mtumishi ndivyo tulivyomwita wote. Ni mwanamume wa Kikongo mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa hata kwenye theluji. Kila kiangazi hukusanya watu wa ushirika wetu wa maombi hapa Hallunda, kitongoji cha jiji kuu la Uswidi, akawapakia kwenye basi dogo na kuwaendesha mwenyewe mchana kutwa hadi milima ya kaskazini-magharibi, karibu na mpaka wa Norwe. Huko kuna mlima wenye ziwa juu kabisa, mahali ambapo miti imekoma. Watu hufunga siku tatu, hupanda, huomba, kisha hurudi na midomo iliyopasuka na kutuangalia kwa huruma sisi tuliobaki.

Miaka minne Mama aliwaangalia wakiondoka. Mwaka wa tano akasema naye anakwenda.

Mama ana kisukari cha siku nyingi, magoti mabovu na kichwa kigumu. Anaishi nami ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, tangu alipofika kutoka kambini Kigoma. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, upande wa Rågsved. Napanda treni nyekundu, nabadilisha mjini, nashika ya kijani, na kutwa nzima simu ya kazini inaniambia nyumba gani, dakika ngapi, dawa ipi, soksi zipi. Nikirudi nyumbani naanza zamu ya pili, na hiyo ndiyo zamu yenyewe. Kwenye mlango wa friji nimebandika orodha ya Mama: sindano ya asubuhi, uji bila sukari, kutembea hadi dukani na kurudi, kipimo cha mchana, miguu kuoshwa na kukaguliwa kidole kwa kidole. Kila jambo lina kisanduku chake, na likiisha natia alama. Mama hajui kusoma, lakini zile alama anazijua. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, Mama abaki hai na abaki kwangu, na sikuona kwa nini mtu aniulize ninakitafuta kwa njia gani.

"Nitaenda mlimani," aliniambia siku hiyo, huku akikoroga sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo.

"Kufunga siku tatu? Na sukari yako?"

"Mungu anajua sukari yangu."

"Mungu anaijua, lakini atakayekesha hospitalini ni mimi."

"Basi baki hapa. Mimi nitaenda."

Nilipiga kelele. Sitaficha, nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Nilimwambia kwamba Mtumishi ni mtu wa kujitafutia sifa kwa magoti ya wazee, na kwamba mtu mwenye akili haendi kulala kwenye baridi ili asikilizwe na Mungu yuleyule aliyeko Hallunda. Mama alionja sombe, akaongeza chumvi ambayo imekatazwa kwenye orodha, akaniangalia.

"Mimi siko mzee wa kazi yako, mwana yangu," akasema. "Mimi niko mama yako."

Nilimnyang'anya kopo la chumvi. Kesho yake niliomba likizo, nikaandikisha majina mawili kwa safari hiyo. Lengo langu lilikuwa kumlinda Mama. Kuomba sikuwa na mpango nako.

Sasa nieleze desturi ya safari hii, kwa sababu ndiyo iliyonipata. Kila msafiri huandika ombi moja kwenye karatasi. Jina haliandikwi, kwa kuwa Mungu anamjua mwenye ombi. Karatasi hukunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Mkifika ziwani, Mtumishi humpa kila mmoja karatasi ya mwenzake, nawe hubeba hiyo mpaka juu bila kuifungua. Juu ndipo unaifungua, unaisoma, na kuliomba lile ombi kana kwamba ni lako. Ombi lako mwenyewe hulipandishi. Ni lazima mtu mwingine akubebee. Kisha karatasi huachwa chini ya jiwe, nanyi mnashuka.

Wapo kina mama kadhaa katika ushirika wetu wasiojua kuandika, na kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia. Nina mwandiko mzuri, na sina mdomo. Jumapili ya kuandika niliketi kwenye meza ya pembeni katika kile chumba cha chini tunachokodi, wakaja mmoja mmoja na kuninong'oneza. Mmoja alitaka mume aache pombe. Mwingine alitaka binti yake amjibu kwa Kiswahili walau mara moja kwa wiki, kwa kuwa kila akimsemesha anajibiwa Kiswidi. Niliandika, nikakunja, nikasubiri zamu ya Mama.

Barua zote za Mama katika nchi hii nimeziandika mimi: ya uhamiaji, ya daktari, ya pensheni, hata ya kumlalamikia yule jirani wa bomba. Alipoinuka kwenye kiti chake na kuanza kuja na fimbo, nilikwisha kumtolea karatasi safi. Akaipita meza yangu. Akaenda mpaka kwa Mtumishi, akaketi karibu naye, akamsemesha sikioni kwa muda mrefu, na Mtumishi akaandika. Wanawake waliokuwa mezani kwangu wote walijifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba yao.

Njiani kurudi nilimuuliza ni ombi gani hilo ambalo mtoto wake hawezi kuliandika.

"Iko langu," alisema, akatangulia kwenye lifti.

Tangu siku hiyo nilimchukia Mtumishi bila breki. Nilishaamua kwamba Mama ameomba afe, apumzike magoti, na kwamba yule bwana ameandika kwa mwandiko wake wa madoido bila hata kumwambia mtoto wa mgonjwa. Nilikuwa na ushahidi pia. Kila tulipokutana aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatazama pembeni.

Asubuhi ya safari watu kumi na wanne walisimama na mabegi nyuma ya jengo la maduka. Mimi nilikuwa na mkoba wa bluu wa sindano, kipimo, vidonge vya glukosi, juisi mbili na namba ya zahanati zote za njiani. Mtumishi alipofungua mlango wa basi nilisimama mbele yake, wote wakisikia.

"Ukimfungisha mama yangu hata mlo mmoja," nilimwambia, "nitakuitia polisi hukohuko juu."

Alishusha begi la mtu taratibu, akaniita dada kwa Kifaransa chake. "Ma sœur, mama hafungi. Mgonjwa hafungi. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa. Kuna mpishi, atamupikia."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mkoba mapajani.

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza," alisema. "Ulilia tu."

Kwetu kulia ni pamoja na kupiga kelele, na wote basini walielewa amekusudia lipi. Nilipanda, nikakaa nyuma yake, uso ukiniwaka. Mtu akinishinda mbele ya watu huwa simsamehei haraka, na siku hiyo walikuwa wamenishinda wawili. Basi likapita Uppsala na Gävle, likafuata bahari kwa muda, kisha likageuka kuingia misituni, na mimi nikawa natazama kisogo cha Mtumishi kwenye usukani na kutafuta kosa. Alikuwa anaendesha vizuri. Hata hilo lilinikera. Kila baada ya saa mbili alisimama bila kuambiwa ili Mama anyooshe miguu, na kila mara niliruka chini kwanza ili nimshike mkono kabla yeye hajamshika.

Milima ya huku haifiki mbali angani kama ile tunayoisikia ya watu wa Asia, lakini miti ikishaisha mtu huona yuko juu ya kila kitu. Ardhi ni mawe, kuvumwani na theluji iliyosahaulika kwenye mabonde, katikati ya mwezi wa Julai. Mbu ni wakubwa na hawana adabu. Ziwa lilikuwa jeusi, halina hata wimbi. Sisi tumekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo, kwa hiyo Mama anajiona fundi wa maziwa. Alilitazama hili kwa muda.

"Ziwa bila mtu wa kukaanga samaki," alisema, "hili ni ziwa la kuomba tu."

Watu walicheka. Mimi nilimpima sukari.

Siku ya kupanda alitokea mzee mmoja wa Kisami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa theluji, akiwa na mbwa. Alizungumza na Mtumishi kwa Kiswidi cha polepole. Alisema wazee wake walikuwa wakija kwenye mlima huu kwa ajili ya mambo yao matakatifu kabla kanisa lolote halijafika, hivyo hakatai watu kuomba, ila anaomba tusitupe kitu majini wala tusiache kitu juu. Mwaka uliopita alikuta karatasi chini ya mawe. Nilifurahi kuona Mtumishi akiona haya. Aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akatugeukia na kusema kwamba mwaka huu kila mtu atashuka na karatasi aliyopandisha, aitunze nyumbani kwake. Mama alimpungia yule mzee mkono kama mtu wa kijijini kwake, naye akampungia.

Kisha mfuko ukafunguliwa. Kila mtu alinyoosha mkono, na Mtumishi akachukua karatasi ya juu na kumpa. Alipofika kwangu hakuchukua ya juu. Aliingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa moja iliyokunjwa peke yake, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

"Mimi sipandi," nilisema. "Nimekuja kwa ajili ya Mama."

"Panda," alisema Mama kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, amefunikwa blanketi, mpishi yuko kando yake anamenya viazi. "Utanichunga hata hapa kwenye hewa ya Mungu? Panda, mwana yangu. Nimekula, nimechomwa sindano, umetia alama."

Nilipanda kwa hasira, na hasira inasaidia kwenye mlima. Niliwapita waliofunga, niliowaona wakishika magoti na kuhema. Upepo ulikuwa unatoboa jaketi. Nilijiambia nitafika, nitaisoma hiyo karatasi ya mtu, nitasema amina, nitashuka kabla ya kipimo cha mchana. Mtumishi alikuwa amefika kabla yangu, na viatu vyake bado vilikuwa vinang'aa. Nikamgeuzia mgongo, nikafungua.

Mwandiko ulikuwa wake, wa shule za zamani za Kongo, herufi zimeshikana mikono. Karatasi ilisema hivi:

Mungu, nina mtoto mwema. Ananiosha miguu, ananichoma sindano, ananilisha. Ananipigia kelele. Nipe chumba changu, hata kikiwa kidogo, mlango wake ufunguo uwe wangu. Nitoe kwake kabla sijamchukia.

Niliposoma miguu nilijua. Niliposoma sindano nilikuwa nimeshajua, lakini niliendelea kusoma kana kwamba mbele litatokea neno la kuonyesha kwamba ni mama wa mtu mwingine. Halikutokea. Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliumia mahali ambapo hata kumzika Baba hakukufika, kwa sababu Baba alichukuliwa, na huyu alikuwa anaomba kuondoka.

"Ulijua," nilimwambia Mtumishi.

"Niliandika mwenyewe, ma sœur."

"Na ukanipa mimi, makusudi."

"Mama alisema hivyo. Alisema hii apewe binti yangu, mwingine hataiweza." Alifunga zipu ya jaketi lake. "Alisema nyumbani ungelia. Mlimani hakuna wa kukusikia."

"Wewe ni mtu mbaya," nilisema, na nilimaanisha, na hadi leo sijalifuta.

"Pengine," alisema. "Lakini uko juu, na karatasi iko mkononi. Omba."

Wengine walikuwa wamekwisha kufika na kupiga magoti kwenye mawe, wanalia na kutaja maombi ya watu wasiowajua. Karibu nami mwanamume mzima alikuwa anamwaga machozi kwa ajili ya binti wa mtu ajibu kwa Kiswahili. Mimi nilisimama. Nilisoma karatasi ile kwa sauti mara moja, kwa sauti ninayotumia kusoma malalamiko ya wateja kwenye mkutano wa kazini, kisha nikaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Amina sikusema.

Nilishuka mbio. Mama alikuwa amesogezwa mpaka ukingoni, soksi zimevuliwa, na miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya maji ya theluji. Miguu yenye kisukari, ambayo haisikii baridi wala moto, ambayo ninaikagua kila jioni kidole kwa kidole. Nilifungua mdomo. Mama alinyanyua uso, akatulia, akaisubiri kelele jinsi mtu anavyosubiri gari zito lipite ndipo avuke barabara. Nilimwona akisubiri. Sijui ni mara ngapi alikuwa amekaa hivyo jikoni kwangu na sikumwona.

Nilifunga mdomo. Nilipiga magoti, nikaitoa miguu, nikaikausha kwa kilemba changu, nikavikagua vidole, vyote kumi, kwa mazoea.

"Umesoma?" aliuliza.

"Nimesoma."

"Umeomba?"

"Nimesoma, Mama."

Alitikisa kichwa kidogo, akaniachia mguu wa pili.

Mtu anaweza kufikiri kwamba tulirudi Hallunda tumepatana. Hatukupatana. Nilikasirika njia nzima, na nyumbani nilikasirika wiki tatu zaidi, kimya kimya, na nadhani kimya changu kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nilichoma sindano, nikatia alama. Nilipika bila chumvi, nikatia alama. Mchana, katika nyumba za Rågsved, niliwasemesha wazee wa watu kwa upole, nikawauliza wanataka soksi za kijivu au nyeusi, nikabisha hodi kabla ya kuingia, kwa sababu kazini ni sheria. Siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa bibi mmoja, nimekwisha kubisha, namsubiri aseme ingia. Nilikumbuka kwamba mlango wa chumba cha Mama niliutoa bawabani mwenyewe, mwaka aliofika, ili nimsikie akianguka. Uko kwenye ghala la chini mpaka sasa.

Jumamosi moja Mtumishi alikuja kumsalimia Mama na mkate wa ndizi aliouoka mkewe. Nilimkaribisha kiti. Chai sikumpa. Kwetu mgeni asiyepewa chai ameelewa, naye alielewa. Alikunywa maji, akacheka na Mama kwa nusu saa, akaaga. Mama hakunisema kwa hilo. Alikata kipande cha mkate, akakila chote mbele yangu, na mimi nikasema tu, "Nitaongeza kipimo cha jioni."

Wiki iliyofuata niliitoa fomu ya manispaa, komuni kama wanavyoiita huku, ya kuomba chumba katika nyumba za wazee. Nilizijua fomu hizo, nimewajazia wengi. Nilimwita Mama mezani, nikaweka karatasi ya mlimani kando ya fomu, nikajaza jina, umri, ugonjwa, lugha. Kulikuwa na sehemu kubwa tupu ambapo unaeleza kwa nini unataka kuhama. Hapo nilitafsiri karatasi kwa Kiswidi, sentensi kwa sentensi, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Soma," alisema.

Nilimsomea kwa Kiswahili. Nina mtoto mwema. Ananiosha miguu, ananichoma sindano, ananilisha. Nipe chumba changu, hata kikiwa kidogo, mlango wake ufunguo uwe wangu.

"Na ile ya kumchukia?"

"Hiyo komuni haihitaji, Mama."

Alifikiri, akakubali. "Hiyo ilikuwa ya Mungu. Lakini umeruka moja."

"Sijaruka."

"Mwana yangu, sijui kusoma, lakini niliisema mimi. Baada ya kulisha iko nyingine. Soma tena."

Sikusoma tena. Nilijua iko wapi na ilisema nini, na nilijua kwamba mfanyakazi wa manispaa ambaye nitakutana naye kwenye korido ya kazini ataisoma. Nilitafuta nafasi kati ya mistari. Kwa Kiswidi ni maneno manne. Niliyaandika juu kidogo, na mshale wa kuonyesha yanapoingia, nikamsomea hayo tu, kwa Kiswahili.

"Ananipigia kelele."

"Ndiyo," alisema Mama, akavuta fomu, akaniomba kalamu atie msalaba wake.